Siti binti Saad na wanawake wa Ng'ambo

Miaka mingi kabla ya televisheni kutuletea tamthilia za mama wa mtaani, mwenye kodi ya nyumba na mume msumbufu, Zanzibar ilikwisha kumsikia mama huyo kwenye santuri. Aliyemwingiza humo ni Siti binti Saad.

Enzi za Sultani Barghash (1870–1888) taarabu ilikuwa starehe ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, na jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Alifinyanga vyungu, akavitembeza mjini na kuvinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja, akawa mwimbaji wa taarabu. Wenye choyo walimkejeli kwa ukoo na kwa sura. Yeye akazidi kuimba, tena kwa Kiswahili, lugha ya Ng'ambo, mtaa uliojaa watu waliotoka utumwani baada ya amri ya 1897.

Wimbo unaoonyesha vizuri kazi yake ni ule wa Kijiti. Mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, alitoka matembezini usiku na wenzake, akauawa na mwanamume aitwaye Kijiti. Muuaji akatorokea bara. Waliofungwa ni wanawake wawili waliokuwa pamoja na marehemu, eti kwa kuwa walinunua pombe. Siti aliiimba kesi nzima, hadi kwa hakimu. Kwangu mimi, ukubwa wake uko hapa hasa: hakumgeuza marehemu malaika ili apate kuhurumiwa, wala pombe hakuificha. Mwanamke aliyekwenda kustarehe na shoga zake alistahili haki kama binti wa kasri, na kila mama wa Ng'ambo aliyesikia alijua kwamba yangeweza kumpata yeye.

Mwaka 1928 Siti na wapigaji wake walikwenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Zikauzwa Unguja na mwambao wote, na kwenye gramafoni za mikahawani habari za mtaa wa makuti zikasikika miji ya mbali.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad. Watunzi wa leo wanaotaka kumwimba au kumwigiza mwanamke wa kawaida wakisome kitabu hicho, na santuri zile wazisikilize kabla hawajashika kalamu.