Sindano ya Nyumbani na Heshima ya Mvaaji

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tukiitazama historia ya vazi letu, twaona kwamba mshono wa nyumbani haukuwa njia ya kupunguza gharama tu. Ulimwezesha pia mtu mwenye kipato kidogo kujipatia heshima ambayo fedha zake zisingeinunua.

Ufundi wa nguo haukuletwa kwetu na meli. Katika magofu ya Kilwa vimechimbuliwa vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi, vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu. Na huko Ufipa mashuka ya pamba yalikuwa yakifumwa katika karne ya 19. Lakini baada ya Seyyid Said kutiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, kitambaa kigumu kutoka huko kilienea Unguja na bara, kikaitwa merikani. Kilipotiwa nili kiliitwa kaniki. Hizo ndizo zilizokuwa nguo za watumwa na mafukara.

Hapo ndipo sindano ilipofanya kazi yake. Yasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne hiyo wanawake wa pwani waliacha kununua leso moja moja. Walikata sita kwa pamoja kutoka katika jora, wakazigawa tatu tatu, kisha wakaziunga kwa mkono zikawa shuka moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo pana iliyokwisha kupigwa chapa, nayo ndiyo kanga. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walivua kaniki wakajifunga kanga, wakatangaza uungwana wao bila ya kutamka neno.

Zaidi ya mara moja nguo za dukani zimetutoka. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoifunga njia ya bahari, watu wa nchi iliyotawaliwa na Wajerumani walirudia kusokota na kufuma pamba yao. Tulipokwisha kujitawala tulijenga viwanda, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Hata hivyo, baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979 nguo ziliadimika. Ndipo thamani ya cherehani ilipojulikana: kola iliyochakaa iligeuzwa, suruali ya baba ikapunguzwa ikawa ya mtoto, na masalio yakawa viraka.

Tangu biashara ya nje ilipolegezwa mwaka 1984, mitumba imejaa masokoni. Leo shati la mtumba laweza kuwa rahisi kuliko kitambaa na uzi wake. Je, sindano imekwisha kazi? La hasha. Ajuaye kushona huununua hata mtumba kwa jicho la fundi: huupunguza, huutia pindo, huuokoa usitupwe. Tena ufundi uliosahauliwa haurudi kwa siku moja, siku duka linapokuwa tupu.

Kwa hiyo yafaa walimu wawafunze wanafunzi, wavulana kwa wasichana, kushikiza kifungo, kutia kiraka na kukata kitambaa kwa kipimo. Mafundi wengi wa cherehani barazani ni wanaume, na kofia zetu za viua hushonwa na wanawake majumbani. Sindano haijapata kubagua mkono.