Marree, Bandari ya Jangwani

Katika Australia ya Kusini, yapata kilomita 685 kutoka Adelaide, pana kitongoji kiitwacho Marree, ambacho wakazi wake leo hawafiki mia mbili, ilhali zamani, tangu reli ilipokifikia mwaka 1884, kilikuwa kama bandari ya jangwa: mabehewa yalipakua unga, chai na sukari, na ngamia, wakiisha kupigishwa magoti, hufungwa shehena ubavu huu na huu huku wakinung'unika, kisha huelekezwa Birdsville, kiasi cha kilomita 520, na kurejea na marobota ya sufu.

Waongozaji wa misafara hiyo, waliotoka Afghanistan na Bara Hindi, nao wote wakaitwa Waafghani pasipo kubaguliwa asili zao, walijenga msikiti wa udongo na kupanda mitende. Lakini makazi yao yalitengwa ng'ambo ya reli, pamoja na wenyeji wa asili wa nchi, na hiyo, kwa rai yangu, ilikuwa dhuluma, maana pasipo wao wafugaji wa Kizungu wasingalipata hata chumvi.

Malori yakawaondolea riziki, na wengi wakawaachilia ngamia wao nyikani. Reli ile ya kale, kuanzia Marree kwenda kaskazini, ilifungwa mwaka 1980. Vizazi vya ngamia wale walioachiliwa vingali huko nyikani.