Kiunzi cha mifupa ya binadamu

Kiunzi cha mifupa ya binadamu ni jumla ya mifupa inayoupa mwili umbo, kuubeba na kukinga viungo laini vya ndani. Mtu mzima kwa kawaida ana mifupa 206. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande vingi zaidi, takriban 270 hadi 300, ambavyo huungana polepole kadiri anavyokua. Meno hayamo katika hesabu hiyo, ingawa hukaa katika mataya na yana madini ya aina moja na mifupa.

Sehemu za kiunzi

Mifupa 80 iko katika mhimili wa mwili. Fuvu lina mifupa 22, nayo masikio ya kati yana mifupa midogo 6, mitatu kila upande. Mmoja wa hiyo, wenye umbo la kikuku cha kupandia farasi, ndio mdogo kuliko yote mwilini: una urefu wa milimita 3 hivi. Mfupa mmoja wa shingoni, chini ya ulimi, haugusani na mfupa mwingine wowote. Uti wa mgongo una mifupa 26 ukihesabu pamoja kifandugu, ambacho ni pingili kadhaa zilizoungana. Mbavu ni 24 kwa wanaume na wanawake sawasawa. Wanaodhani mwanamume amepungukiwa ubavu mmoja wanaweza kuhesabu wenyewe. Mbavu nyingi hushikana na kidari kwa mbele.

Mifupa 126 iliyobaki ni ya mabega, mikono, nyonga na miguu. Kila mkono una mifupa 27 kuanzia kiwiko cha kiganja hadi ncha za vidole, na kila wayo una 26. Hivyo zaidi ya nusu ya mifupa yote ya mwili iko katika mikono na nyayo. Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko yote.

Mfupa ni tishu hai

Mfupa mkavu uliookotwa porini huonekana kama jiwe, lakini ndani ya mwili una damu, neva na seli. Sehemu kubwa ya uzito wake ni madini ya kalisi na fosfati, ambayo huupa ugumu. Sehemu nyingine ni protini iitwayo kolajeni, ambayo huuzuia usivunjike kwa urahisi kama kigae. Uboho mwekundu ulio ndani ya baadhi ya mifupa hutengeneza seli za damu. Takriban asilimia 99 ya kalisi yote ya mwili huhifadhiwa katika mifupa na meno.

Kuna seli zinazobomoa mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya mahali pake. Kazi hiyo haikomi hata baada ya mtu kuacha kurefuka. Ndiyo sababu mfupa uliovunjika huweza kuunga, na ndiyo sababu pia mfupa huchukua tabia ya kile mtu anachokula na kunywa kwa miaka mingi.

Floridi katika mifupa

Floridi ni aina ya florini inayoyeyuka katika maji. Ikiwa kidogo husaidia kukinga meno yasioze. Ikizidi hujipenyeza katika madini ya mfupa na kukaa humo. Karibu floridi yote inayobaki mwilini huishia katika mifupa na meno, na watoto hubakiza sehemu kubwa zaidi kuliko watu wazima kwa sababu mifupa yao bado inajengwa.

Katika Tanzania maji yenye floridi nyingi hupatikana hasa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga. Kaskazini chanzo chake ni miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa. Shinyanga hali ni tofauti kidogo. Karibu na mji mdogo wa Maganzo, wilaya ya Kishapu, uko mgodi wa Mwadui, ambako mwanajiolojia Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Almasi hiyo imo katika kimbalaiti, mwamba uliopanda kutoka kina kirefu cha dunia, na maji ya ardhini yanayogusana na mwamba huo yameripotiwa kuwa na floridi nyingi mno.

Dalili ya kwanza huonekana katika meno ya watoto: madoa meupe, kisha ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Kwa mifupa madhara huja taratibu zaidi. Mfupa huwa mzito lakini dhaifu, kano huanza kuwa ngumu kama mfupa, mgongo hukakamaa, na miguu ya watoto huweza kupinda. Matege ya namna hiyo hufanana na yale ya ukosefu wa vitamini D, kwa hiyo kuyatazama tu hakutoshi kujua chanzo.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa vyanzo vingi vya vijijini visingefikia kiwango hicho. Floridi haina rangi wala harufu, na visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana sana. Kipimo cha maabara ndicho kinachoonyesha. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi: maji yanayopungua kwa mvuke huiacha ikiwa nzito zaidi. Magadi yanayotiwa katika maharage pia huweza kuiongeza. Maji ya Ziwa Victoria yana floridi kidogo, na tangu mwaka 2009 huletwa kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga.

Njia mojawapo ya kusafisha maji hutumia mifupa yenyewe. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo hadi iwe mkaa, husagwa chembechembe, kisha maji hupitishwa humo. Madini ya mkaa huo hunasa floridi kama mfupa wa mtu unavyoinasa. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeitumia njia hii, na hutumika pia Nakuru nchini Kenya. Mkaa uliochomwa vibaya huyapa maji harufu mbaya, na hata ule mzuri hushiba baada ya muda, hivyo lazima ubadilishwe.