Swali Lililosubiri Njiani

Mwaka 1871 mfuko wa barua za David Livingstone ulikwama hapa kwetu Unyanyembe. Ulikuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870, umetoka Unguja, ukielekea Ujiji. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora, njia ya magharibi imefungwa. Henry Stanley ndiye aliyeuchukua, akazungukia kusini kupitia Ukonongo, akaufikisha Novemba. Mwaka mzima barua zimelala njiani.

Nikifundisha habari za misafara, nakaa kwenye mfuko huo kuliko kwenye pembe za ndovu, maana kusubiri kule nakujua. Shahada yangu niliisoma nikiwa mwalimu wa shule ya msingi Sikonge, kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994. Vitabu nilikuwa navyo. Mtu wa kumwuliza ndiye sikuwa naye. Swali la takwimu likinishinda masika, barabara imekatika, naliandika nyuma ya daftari na kulitunza mpaka tukutane mjini na wanafunzi wenzangu. Siku hiyo tunakaa chini ya mwembe, kila mmoja amefungua ukurasa wa maswali yake, anayelijua la mwenzake anamweleza. Jioni tunatawanyika, huyu Nzega, yule Urambo, na kila mtu anarudi kusoma peke yake.

Ndiyo maana nakataa nikisikia kwamba magrupu ya WhatsApp yamekuja kuharibu masomo. Kebo ya intaneti ya SEACOM ilifika Dar es Salaam 2009, mkongo wa taifa ukasambaa mikoani, na kikao chetu cha mwembeni hakikuhitaji tena nauli.

Mpwa wangu anasoma chuo hapa mjini, naye hunionyesha grupu la darasa lao. Saa tatu usiku mmoja anatuma picha ya swali aliloliandika kwa mkono, kivuli cha simu kimeangukia mstari wa mwisho. Mwenzake aliyeko Kaliua anajibu kwa sauti, mtoto analia nyuma yake. Anaeleza kwa Kiswahili kile walichofundishwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo kinapoeleweka. Mwingine anasahihisha hatua ya tatu. Asiye na bando atayakuta yote asubuhi akijiunga.

Korona ilipofunga vyuo Machi 2020, hadi vilipofunguliwa Juni 1, watu waliendelea kuulizana humo humo. Mifumo ya kusomea mtandaoni kama Moodle ina kazi yake: notisi na majaribio hukaa humo kwa mpangilio, hayamezwi na salamu wala michango ya harusi. Ila kuulizana kunafanyika kwenye magrupu, na wahadhiri wengi hawamo. Nawaomba waingie, hata mara moja kwa wiki, wasome maswali yanayojirudia. Maana jibu lenye kosa nalo hufowadiwa usiku huohuo kutoka grupu hadi grupu, na yule wa Kaliua hatalijua mpaka siku ya mtihani.