Kongosho, pointi sifuri

Haya wadau, mitihani imekwisha, upepo wa Dodoma unapuliza vumbi mpaka kwenye chai, hakuna pa kwenda. Kwa hiyo leo ni historia: hizi chemsha bongo za shule, kwizi kama tunavyoziita, zimetoka wapi?

BBC walianza Top of the Form redioni mwaka 1948. Ilikuwa ya kistaarabu, kila mwanafunzi anaulizwa kwa zamu yake. Wamarekani ndio walioleta kasheshe. College Bowl ya vyuo, redio ya NBC, 1953: wa kwanza kubonyeza kengele ndiye anayejibu. Mwaka 1961 sekondari za Washington zikaingia kwenye TV na It's Academic, na mambo yakawa mbio.

Afrika Mashariki mbio hizo zilikuja 2007 na Celtel Africa Challenge, vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania, muulizaji John Sibi-Okumu. Halafu Celtel ikawa Zain, Zain ikauza biashara yake ya Afrika kwa Bharti Airtel 2010, na shindano nalo halikudumu. Ndiyo shida ya kitu kinachotegemea kampuni ya simu!

Sisi sekondari staili tulikuwa nayo, ila kengele hatuna, tunagonga dawati. Nakumbuka dada mmoja wa kidato cha pili aliulizwa kwa Kiingereza ni kiungo gani kinatengeneza insulini. Akagonga wa kwanza, akasema "kongosho". Pointi sifuri! Jamani, jibu ni lenyewe. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari unakutana na Kiingereza, sasa wakati mwenzako anatafsiri kichwani dawati limeshagongwa. Tunapima sayansi au tunapima kamusi?

Ghana wana kwizi yao ya sayansi na hesabu tangu 1993, nayo ina mbio, lakini kuna raundi ya swali moja, mnapewa dakika kadhaa mkae mlitafakari. Hapa kwetu Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011, imeacha kengele kabisa: wanafunzi wanaleta utafiti wao na kuuelezea. Mimi hiyo naipenda zaidi, ingawa kelele za dawati nazimisi.

Jumamosi tunaenda na washkaji kuendesha kwizi shule moja hapa jirani. Chumbani tumegawanyika: wawili wanasema Kiswahili kikubalike, mmoja anasema NECTA hawatamhurumia mtu. Wadau mnasemaje, kongosho apewe pointi au asipewe?