Helene Mayer: Bingwa wa vitara aliyegeuzwa ngao ya wakubwa

Agosti 1936, jijini Berlin, wanawake watatu walipanda jukwaa la washindi wa mchezo wa vitara katika Michezo ya Olimpiki. Dhahabu ilikwenda kwa Ilona Elek wa Hungaria, fedha kwa Helene Mayer wa Ujerumani, na shaba kwa Ellen Preis wa Austria. Serikali iliyoandaa michezo hiyo ilikuwa ikiwahubiria raia wake usiku na mchana kwamba Wayahudi ni watu duni. Wanawake wote watatu walikuwa na asili ya Kiyahudi.

Aliyeacha mjadala ambao haujaisha hadi leo ni yule wa pili. Mayer, mwanamke mrefu mwenye nywele za kimanjano, akiwa amevaa nguo nyeupe za mchezo wake, alinyoosha mkono wa kulia mbele kwa saluti ya Kinazi.

Alizaliwa Desemba 20, 1910, katika mji wa Offenbach, kando ya mto Main. Baba yake, Ludwig, alikuwa daktari Myahudi. Mama yake, Ida, alikuwa Mkristo. Katika klabu ya mji huo alifunzwa na mwalimu wa Kiitaliano, Arturo Gazzera, na hadi kufikia 1930 alikuwa ametwaa ubingwa wa Ujerumani mara sita.

Silaha yake ilikuwa foili, kitara chepesi ambacho kwa miaka mingi ndicho pekee wanawake walichoruhusiwa kukitumia katika Olimpiki. Kwa foili, ncha tu ndiyo inayoleta pointi, tena ni lazima iguse kiwiliwili. Ukimgusa mpinzani mkononi, mguuni au kichwani, hupati kitu. Enzi za Mayer foili haikuwa na waya wala taa za umeme za kuonyesha nani kamgusa nani. Waamuzi wanne walisimama pembeni, wawili kila upande, wakikodolea macho vifua vya wachezaji, naye mwamuzi mkuu akiwauliza mmoja mmoja kabla ya kutoa uamuzi. Mwanamke wa kwanza kufikisha miguso mitano ndiye aliyeshinda pambano. Kwa mchezo unaoamuliwa kwa macho matupu namna hiyo, haikutosha kuwa mwepesi. Shambulio lilipaswa kuwa safi kiasi cha kutoacha shaka. Hapo ndipo Mayer alipowazidi wenzake.

Mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 17, alikwenda Amsterdam akarudi na dhahabu ya Olimpiki baada ya kushinda mapambano 18 na kupoteza mawili tu. Akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1929 na tena 1931. Ujerumani nzima ikamjua. Katika Olimpiki ya Los Angeles ya 1932 mambo hayakumwendea vizuri, akamaliza wa tano, lakini alibaki California kusoma katika Chuo cha Scripps.

Alikuwa huko Hitler aliposhika madaraka Januari 1933. Mwaka huohuo klabu ya Offenbach, iliyokuwa ikijivunia jina lake, ilimfuta uanachama kwa sababu ya damu ya baba yake, na ufadhili wa masomo yake ukakatwa. Baadaye alipata kazi Chuo cha Mills, Oakland, akifundisha Kijerumani na vitara. Sheria za Nuremberg za Septemba 1935 ziliwavua Wayahudi uraia kamili, na watu kama yeye, wenye mzazi mmoja Myahudi, wakawekwa katika daraja lao la mashaka.

Wakati huo Marekani ilikuwa ikivutana kuhusu kususia michezo ya Berlin. Avery Brundage, aliyeongoza kamati ya Olimpiki ya Marekani, alitaka timu iende. Charles Sherrill, Mmarekani aliyekuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alisafiri hadi Ujerumani kuwasihi wenyeji waweke japo Myahudi mmoja kwenye timu yao. Jina lililokuwa tayari lilikuwa la Mayer: bingwa anayejulikana duniani, anayeishi Marekani, na ambaye sura yake ilifanana na mabango ya Wanazi wenyewe. Mwaliko ukamfikia. Desemba 1935, kwa tofauti ndogo ya kura, chama cha riadha cha Marekani kikaamua kwenda Berlin.

Mayer alikubali. Mama yake na kaka zake walikuwa bado Ujerumani, naye alitaka atambuliwe kuwa raia kamili wa nchi aliyoiona ni yake.

Mwenzake hakupata bahati hiyo. Gretel Bergmann, Myahudi na mrukaji wa juu, aliifikia rekodi ya taifa ya mita 1.60 mwezi Juni 1936. Mwezi uliofuata, Wamarekani wakiwa tayari wako baharini kuelekea Ulaya, aliandikiwa barua kwamba kiwango chake hakitoshi. Meli ilikuwa imekwishang'oa nanga. Hapakuwa tena na wa kumdanganya.

Baada ya Berlin, Mayer alitwaa ubingwa wa dunia mjini Paris mwaka 1937, kisha akarejea California. Mwaka 1938 aliwashinda wanaume katika mashindano ya foili ya San Francisco. Wakubwa wa mchezo wakamnyang'anya ubingwa huo na kuzuia wanawake kupambana na wanaume, kwa hoja kwamba ni mchezo wa kugusana miili. Hadi 1946 alikuwa bingwa wa Marekani mara nane. Alichukua uraia wa Marekani, lakini mwaka 1952 alirudi Ujerumani na kuolewa. Saratani ya matiti ilimuua Oktoba 1953, akiwa na miaka 42.

Ujerumani Magharibi ilitoa stempu yenye picha yake mwaka 1968, na katika kijiji cha Olimpiki cha Munich kuna barabara iitwayo Helene-Mayer-Ring. Kwa kitara chake, heshima hiyo ni halali yake. Saluti ile ni yake pia, na kuitetea ni kazi ngumu. Lakini lawama kubwa zaidi iwaendee wakubwa wa Berlin waliomtumia kuficha ubaguzi wao, na wakubwa wa Marekani waliomtumia kama kisingizio cha kutouona. Nasi leo, tukionyeshwa mwanamichezo mmoja kutoka kundi linaloonewa na kuambiwa kwamba haki imetendeka, tuulize kwanza: akina Bergmann wangapi wameachwa nyumbani?