Wakili Upande Mmoja wa Meza

Miaka michache iliyopita mwenzangu wa ofisini aliniomba nimsindikize kwenye kikao cha nidhamu, ghorofani, si mbali na Mnazi Mmoja. Alituhumiwa kuhusu fedha za safari. Nilitegemea kumkuta bosi amekunja uso. Tukamkuta wakili wa makamo, mpole, na faili lenye risiti zilizopangwa kwa tarehe. Kampuni ilimlipa achunguze. Alishawahoji watu mmoja mmoja, kila mtu akasaini maelezo yake.

Kazi yake ni changa hapa mjini. Sheria ya Usalama wa Ajira ya 1964, mwaka uleule TFL ilipovunjwa na NUTA kuundwa, ilimpunguzia mwajiri ule uhuru wa kusema "kesho usije". Kosa la nidhamu lilipitia kwenye kamati ya wafanyakazi. Mgogoro ukishindikana ulikwenda bodi ya usuluhishi, halafu kwa waziri, na kifungu cha 28 kikazifungia mahakama mlango. Wakili angesimama wapi?

Ukaja Mwongozo wa TANU, 1971, uliokemea viongozi wenye kiburi. Wafanyakazi wakauchukua kama ulivyo. Mwaka 1973 wale wa Mount Carmel Rubber, hapa Dar, wakakikamata kiwanda kabisa. Kwa muda mfupi bosi ndiye aliyechunguzwa, na nakiri sehemu hiyo ya historia naipenda kupita kiasi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilibadili meza. Mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Akishindwa, sheria ilivyoandikwa wakati ule, fidia haikupungua mishahara ya miezi 12. Kanuni za 2007 zikamtaka achunguze kwanza, ampe mtuhumiwa angalau saa 48 ajiandae, na mwenyekiti wa kikao asiwe mtu aliyehusika. Hapo ndipo faili zuri likawa na bei, na wakili akapata kazi.

Lakini kanuni hizohizo zinasema mfanyakazi aje na mwakilishi wa chama au mwenzake wa kazini. Ndiyo maana nilikuwa pale mimi, mwandishi wa habari, nikipekua kanuni kwenye simu.

Na hiyo ni ofisi yenye uwezo. Dukani Kariakoo sheria ni ileile, ila nani atamlipa wakili achunguze elfu hamsini iliyopungua kwenye droo? Kijana anaambiwa kesho usije, na siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zinapita akitafuta kibarua kingine.

Mwenzangu alipewa onyo la maandishi. Risiti mbili hazikuwa zake, zilichanganywa na mhasibu, na wakili ndiye aliyeligundua hilo. Tukiteremka ngazi akaniuliza kama yule bwana angekubali kumtetea siku nyingine. Nikamwambia amuulize. Hakurudi juu.